Mchezo ulikatakata, nikamwita rafiki yangu mwizi

Admin, nifichie jina. La mwenzangu nimelibadilisha, hapa nitamwita Mukendi. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na nne, naishi Likasi, baba wa watoto watano, fundi wa kompyuta. Kanisani wananiita mtu wa haki, na wananikosea sana. Kuna mtu nilimharibia maisha kwa maneno ya dakika moja, na mpaka ninapoandika hapa hajui kwamba ni mimi.

Miaka ya tisini, wakati kila kitu kinaanguka kwetu, baba alikuwa mfanyakazi wa kiwandani na tulikaa kwenye kambi ya wafanyakazi, Shituru. Mshahara ulishageuka hadithi. Mzungu aliyekuwa mkubwa wake alipofunga mizigo kurudi kwao, alimwachia kompyuta ya kubeba yenye mchezo wa ndege za vita. Ilikuwa na kadi yake yenyewe ya picha, kitu adimu wakati ule, ndiyo maana ndege zilikuwa zikiruka laini kabisa. Lakini sisi tulitaka kula, si kucheza. Mdogo wangu wa kike alishaanza kuvimba miguu kwa njaa. Mfanyabiashara mmoja wa Lubumbashi akasema atakuja kuujaribu mchezo, ukienda vizuri atainunua kompyuta kwa magunia matatu ya unga wa mahindi na samaki wa chumvi.

Mukendi alikuwa rafiki yangu tangu shule, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Wazee wake waliletwa zamani kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, lakini yeye amezaliwa hapahapa. Mashine zilimsikiliza kuliko mtu yeyote niliyemjua. Siku ile yule mfanyabiashara anakuja, nilimwomba Mukendi aifungue kompyuta aipanguse vumbi. Aliirudisha alasiri, tukaona inawaka, basi. Nikamwahidi kibaba cha unga, akakataa, akasema mtoto mgonjwa ale kwanza.

Mgeni alifika jioni. Kwetu mgeni haondoki na mdomo mkavu, hata kama wenyewe mtalala na njaa. Mama aliomba sombe, yaani kisamvu, kwa jirani, akawasha réchaud zote mbili, majiko yetu ya umeme, na saa hiyo kambi nzima ilikuwa inapikia umeme. Nikafungua mchezo. Ndege ikawa inakwenda vipandevipande, unabonyeza sasa, inageuka baadaye. Nikazima nikawasha tena. Nikapunguza ukubwa wa picha. Nikapuliza matundu ya hewa. Wapi! Pembeni, kile kitaa cha kuchaji kilikuwa kimezimika. Nilikiona kwa macho yangu na sikukijali. Mgeni akala, akanawa mikono, akamwambia baba, "Papa, machine iko mugonjwa. Unga itabakia kwangu."

Nilitoka uani nimechanganyikiwa. Vijana wa avenue yetu walikuwa wamekaa pale. Nikasema kwa sauti, "Ni Mukendi njo alifungula ile machine. Alitosha kadi ya muzuri akaibeba, akatia ya kufwa. Iko mwizi." Siku zile watu wenye asili ya Kasai walikuwa wakiitwa wadudu hadharani, kwamba ndio waliomaliza kazi zetu, na vijana wenye njaa walikuwa wanatafuta sababu tu. Nilijua hilo. Sitawadanganya hapa kwamba sikujua.

Kesho yake asubuhi vijana wale walivunja mlango wa kina Mukendi wakipiga kelele za mwizi. Baba yake alipigwa, vyombo vikabebwa, familia nzima ikakimbilia gare, kituo cha treni, pamoja na wenzao wengi waliokuwa wakingoja treni ya kwenda Kasai. Walikaa pale wiki nyingi chini ya turubai. Nilikwenda kila siku. Niliwabebea godoro, niliwapelekea maji ya kuchemsha. Mtoto wa kwanza wa Mukendi, wa miezi saba, alifia palepale kwa kuhara. Nilichimba kaburi pamoja naye. Akanishukuru huku analia, na mimi nikazipokea shukrani zake, maana bado nilikuwa najiambia kwamba kweli aliiba.

Nimeishi na uongo huo mpaka mwaka jana. Mteja aliniletea laptop yenye kadi kubwa ya picha, akilalamika mchezo unakatakata. Nilisafisha feni, nikafuta programu ya kadi nikaiweka upya, nikabadilisha dawa ya kupitisha joto. Kwenye karakana yangu ikawa inakimbia, kwake jioni inakufa. Nikaenda kwake saa za kupika, nikachomeka kipimo cha umeme kwenye ukuta. Umeme ulikuwa umeshuka sana, chaja imekata, mashine inakula betri, na ikila betri inaibana kadi nguvu ili isizimike. Kitaa cha kuchaji kilikuwa kimezimika. Nilikaa chini kwenye sakafu ya watu. Mukendi hakuiba kitu. Ni réchaud za kambi nzima zilizoshusha umeme jioni ile, na mbili za mama yangu zilizokuwa zinampikia mgeni. Mteja aliniuliza kama naumwa. Nikachomoa kipimo changu.

Sasa, ndugu zangu, mwezi uliopita Mukendi alipata namba yangu. Yuko Mwene-Ditu, anaumwa sukari, sauti imezeeka. Akaniambia, "Ndugu yangu, minakuya Likasi. Nataka kuona kaburi ya mutoto mbele ya kufwa. Nitalala kwako, juu ku Likasi yote weye njo muntu moya hakunitupa. Na unisaidie: tutafute ule alisema niko mwizi. Sitamufanya kitu. Nataka tu aniambie nilimuibia nini."

Nikasema karibu, ndugu. Ningesema nini kingine? Mke wangu ameshamtayarishia chumba. Ananishauri ninyamaze, kwamba mzee mgonjwa asije akafia mikononi mwetu, na kwamba watoto wetu wana jina la kulinda. Mimi silali.

Jana amenipigia tena, ameshakata tiketi. Anauliza tutaanzia ku nyumba gani kumtafuta yule mtu. Nishaurini, nimjibu nini?