Mkanda wa Juu Nilioumalizia kwa Uzi wa Pazia

Nakumbuka asubuhi moja ya Agosti, miaka yangu ya mwanzo hapa Stockholm, nilipopiga kelele msituni mahali ambapo hata kukohoa kulikuwa mwiko. Mimi, mwanangu, ambaye watu wa kanisani wakiniuliza jina walilazimika kuinama ili wasikie jibu. Nakusimulia kwa sababu Jumapili iliyopita nilipokuja kwenu nilikuona umeketi mbele ya mama yako bila kusema kitu, na ukimya ule naujua. Si wa adabu. Ni wa mtu aliye na jambo.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nakaa mtaa wa Hallunda kwa shangazi yangu, ghorofa ya sita. Shule niliyosoma ilikuwa ya msingi tu, tena ya kambi ya wakimbizi Tanzania, na kitu pekee nilichokuja nacho nikikijua sawasawa kilikuwa kushona. Kiswidi kilinishinda. Mwalimu akiuliza swali darasani, nilitazama viatu vyangu. Wengine walidhani ni heshima, lakini shangazi alijua ni woga. "Wewe mtoto," alikuwa akiniambia, "siku nyumba ikishika moto utatuandikia barua."

Jengo la pili alikaa Mzee Sirili, Mrundi mwenzetu, mzaliwa wa Rumonge kando ya ziwa, ambako baba yake alikuwa mkwezi wa michikichi. Hapa kazi yake ilikuwa kutunza majengo yetu, kubadilisha taa na kuzibua mabomba. Alikuwa amefanya mtihani wa uwindaji kwa Kiswidi, akafaulu mara ya tatu, na aliwinda pamoja na Bengt, Mswidi mmoja mzee aliyewahi kufanya naye kazi. Bengt alikuwa na kipande cha msitu mbele kidogo ya Upplands Väsby, kaskazini mwa Stockholm, na ndani yake kibanda cha mbao juu ya nguzo, cha kuvizia swala. Kibanda kilikuwa kimeoza. Isitoshe, swala walikwisha kukizoea, wakawa wanakizunguka kwa mbali kama watu wanaokwepa nyumba ya mtu msumbufu.

"Baba yangu," Mzee Sirili akamwambia Bengt, "alikaa juu ya mchikichi tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Amekalia mkanda, mikono yote miwili iko huru. Kwa nini sisi tujenge nyumba juu ya mti?"

Bengt akasema amewahi kusoma kwamba Amerika wako wawindaji wanaofanya hivyo hivyo, wananing'inia kwenye mkanda na kuhama mti wowote wanaotaka. Basi wazee wawili wakaanza kutengeneza vyombo vyao. Bengt alichonga vijiti vinne vya kupandia, kila kimoja urefu wa mkono mzima, chenye vikanyagio viwili. Vijiti hivyo hufungwa kwenye shina kwa mkanda, kimoja juu ya kingine, halafu vinashuka nawe ukishuka. Kiti cha kiunoni alikinunua, kile cha mafundi wanaofanya kazi juu ya nyumba, pamoja na mkanda wa chini, ambao huzunguka shina na kupanda nawe hatua kwa hatua. Vikabaki vitu viwili vya kushona. Cha kwanza kilikuwa ngazi ya mkanda, yenye vitanzi vya kuingiza mguu, ili hatua kati ya kijiti na kijiti isiwe ndefu. Cha pili kilikuwa mkanda wa juu. Mwindaji akishafika, anauzungusha huo kwenye shina, anajifunga nao, anafungua ule wa chini, kisha anaukalia huu wa juu. Uzito wake wote unabaki hapo.

Hivyo viwili wakaniletea mimi.

Bengt alileta mkanda mpya wa nailoni na kibunda cha uzi mweusi mnene, ule wa kushonea maturubai. Mzee Sirili akanitafsiria: kila kitanzi kishonwe mraba, na msalaba katikati yake, kirudiwe mara tatu. Nikaitikia kwa kichwa.

Nilishona siku tatu. Cherehani ya shangazi ililalamika, sindano zikavunjika, na kila ilipovunjika moja nilifumua na kuanza upya, maana sikutaka kazi mbaya. Ndivyo uzi ulivyokwenda mbio. Vitanzi vya ngazi vyote vilitoka imara. Kilichobaki kilikuwa kitanzi cha mkanda wa juu, na kabla sijamaliza hata mraba wa kwanza, uzi ukaisha.

Hapo ndipo njia ilipogawanyika, mwanangu, na haikugawanyika kwa kishindo. Simu ilikuwa mezani. Mzee Sirili alikuwa hatua mia kutoka mlangoni kwetu. Lakini niliwaza kwamba atasema nimepoteza uzi wa watu, atamwambia Bengt, Bengt ataniuliza maswali, nami Kiswidi cha kujibu sina. Kabatini kulikuwa na uzi wa mapazia, mwembamba lakini mweusi vilevile. Nikaupitisha mara tano badala ya tatu, nikajidanganya kwamba wingi utafidia wembamba. Mshonaji yeyote anajua haufidii. Wazee husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mkanda ule nisingeukalia mimi.

Jumapili, watu wakinywa chai baada ya ibada, Mzee Sirili akanishika bega.

"Mnamuona huyu? Kimya kimya hivi, mkono wake ni mashine! Nitakaa juu ya mti wa Wazungu kwa kazi ya binti wa kwetu."

"Papa Sirili," akadakia mama mmoja wa Kikongo, "ukianguka tutakuzika na mkanda wako!"

Wakacheka wote. Nami nikatabasamu. Matusi yangenifungua mdomo, pengine ningejitetea, lakini sifa ilinifunga kabisa. Jihadhari nayo, mwanangu. Ukisifiwa kwa kitu ambacho ndani unajua kina kasoro, kila anayekupongeza anaongeza kufuli.

Siku ya kwanza ya msimu wa swala dume, Mzee alitaka niende nao nikaone kazi yangu. Mwanga wa Agosti ulikuwa umeshaanza kutoka alipokuja na gari. Nilivaa polepole. Nikashuka, nikasema nimesahau kitambaa, nikapanda tena kufuata kitambaa ambacho sikukihitaji. Sijui nilikuwa nangoja nini. Labda gari liharibike. Halikuharibika.

Njiani Mzee alitazama saa mara kwa mara. "Binti, swala hana saa, lakini hatungoji." Nilifungua mdomo mara mbili. Ya kwanza alikuwa anaimba wimbo wa kanisani. Ya pili alianza kunisimulia habari za baba yake, jinsi ambavyo hakufungua mkanda mmoja kabla ya kuegemea wa pili na kuutikisa kwa uzito wake wote. Nikaona si adabu kumkatiza. Tazama ujinga wangu: mtu ananieleza kile kile ninachotakiwa kumwambia, nami namwachia amalize hadithi.

Tulifika tukiwa tumechelewa. Bengt alikuwa anatungoja, kidole mdomoni. "Tyst," alinong'ona, yaani kimya. Swala dume alikuwa ameonekana ukingoni mwa eneo lisilo na miti, anakula, anakuja upande wetu taratibu. Mzee Sirili akavaa kiti chake, akaiacha bunduki chini bila risasi, imefungwa kwa kamba ya kuivutia baadaye, akaanza kupanda msonobari.

Alipanda vizuri, mwanangu. Kijiti, ngazi, kijiti, ngazi. Vitanzi vyangu vilimbeba bila hata kulia. Alipofika kimo cha dirisha la ghorofa ya pili, alizungusha mkanda wa juu, akajifunga nao. Sasa alikuwa na mikanda miwili. Nikasubiri auegemee ule wa pili na kuutikisa kama baba yake. Hakufanya hivyo. Swala alikuwa karibu, na muda nilioupoteza mimi kwa kitambaa haukuwepo tena. Nikaona mkono wake ukienda kwenye ndoano ya mkanda wa chini.

"Mzee Sirili! Usifungue! Usifungue, uzi si wenyewe!"

Sauti iliyotoka sikuijua. Swala akabweka, maana swala wa huku hubweka kama mbwa aliyechokozwa, kisha tukaona makalio yake meupe yakipotea kati ya miti. Bengt akatupa kofia chini na kusema maneno ambayo shule ya Kiswidi haikuwa imetufundisha.

Mzee Sirili alikumbatia shina kwa mikono miwili. "Uzi gani?" akauliza kutoka juu, taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu.

"Wa mkanda wa juu. Uliisha. Nimemalizia na wa pazia."

"Wa pazia?"

"Ndiyo, Mzee."

"Haya. Nashuka."

Alishuka kama alivyopanda, bila haraka. Chini, akaufunga mkanda ule kwenye shina, usawa wa magoti, akamwashiria Bengt aukalie. Bengt alikuwa mtu mzito. Akaukalia, akajirusha kidogo mara moja tu. Mishono ikaachia mmoja baada ya mwingine kama bisi zinazoruka sufuriani, na Bengt akaketi chini kwa kishindo. Hakuna aliyecheka. Mzee Sirili akainua uso kutazama pale alipokuwa dakika chache zilizopita. Akatazama kwa muda mrefu. Halafu akakaa kwenye mzizi.

Nililia. Nilingoja matusi, hayakuja.

"Uzi ulipoisha," alisema, "ungeniambia umeisha. Ningekuja kwenu na kandambili zangu, tungekunywa chai, kesho yake tungenunua mwingine. Shida yote ingekuwa hiyo. Sasa ona ulivyoilisha mpaka ikawa na pembe."

"Ulinisifu mbele ya watu, Mzee. Niliona aibu."

"Aibu yako ungeibeba mwenyewe dakika mbili. Wewe umenipa mimi niibebe juu ya mti." Akafuta uso kwa kiganja. "Na mimi nina langu. Nimekusifu kabla sijapima kazi. Nimekusimulia habari za baba, kisha nikapanda bila kufanya alichofanya. Angekuwa hai angenichapa, na mvi zangu hizi. Umechelewa kusema, binti, lakini umesema. Kelele ya leo usiijutie. Jutia kimya cha siku zote zile."

Bengt alikuwa anajipapasa nyonga. Akasema kitu kirefu, na Mzee akacheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Anasema swala wako wengi, Sirili ni mmoja. Na anasema mwakani, wakikosa mbwa wa kufukuza swala, watakuita wewe."

Wiki iliyofuata nilikwenda dukani peke yangu. Nilikuwa nimeandika jina la uzi kwenye karatasi, lakini karatasi nikaiacha mfukoni, nikauliza kwa mdomo. Muuzaji hakunielewa. Nikauliza tena. Mara ya tatu akanielewa, akaniletea, na ulimwengu haukuanguka. Nikanunua vibunda viwili.

Nilipopeleka mkanda mpya msituni, Mzee Sirili akaniambia jambo ambalo hakuwa amenisimulia: kwa wakwezi wa kwao, aliyesokota kamba ndiye huning'inia nayo kwanza. Nikafungwa kiti cha kiunoni, nikakaa kwenye mshono wangu usawa wa magoti, nikajirusha mara kumi. Ukashika. Nikadhani tumemaliza.

"Bado. Panda. Na kila unachokigusa, niambie kilivyo. Nikusikie huku chini."

"Kwa sauti?"

"Swala leo hatuwatafuti. Kwa sauti."

Basi nikapanda nikisema. Kijiti cha kwanza kimekaza. Kitanzi kizuri. Kijiti cha pili kinacheza! "Kinacheza wapi?" Upande wa kushoto! "Usikikanyage. Kaza." Nikakaza. Cha tatu. Cha nne. Mpaka nilipofika juu nilikuwa nimesema kwa sauti kuliko mwezi mzima wa darasani. Nikazungusha mkanda wa juu, nikauegemea nikiwa bado na ule wa chini, nikautikisa, nikamwambia umeshika. Akasema, "Mimi naamini, lakini wewe unaamini?" Nikatikisa tena. Ndipo nikafungua wa chini. Nilikaa pale, mikono huru, miti ikipumua, ndege ya kwenda uwanja wa Arlanda ikipita, na sikuogopa.

Mzee Sirili aliwinda kwa mkanda ule misimu mingi, na nyama ya swala wake wa kwanza tulikula kwa shangazi, na ugali. Darasani sikugeuka kasuku, nisikudanganye. Mpaka leo mimi ni mtu wa maneno machache. Lakini sikunyamazia tena jambo ambalo mwingine angeweza kuliangukia.

Sasa wewe. Wazee walisema mficha uchi hazai. Kazi ikikuharibikia, iseme ingali mikononi mwako, kabla haijawa chini ya miguu ya mtu. Usingoje upate maneno mazuri, wala usingoje akusikilizaye amalize wimbo wake. Mkatize. Ukisifiwa kwa usichostahili, rudisha sifa siku hiyohiyo, kwa kuwa kesho itakuwa nzito zaidi kuirudisha. Na siku utakapokuwa mkubwa, mtoto akikuletea kosa lake, shuka kwanza taratibu kabla ya kumjibu, ukumbuke na lako. Haya basi, leo, kabla ya chakula, mwambie mama yako. Atakasirika. Itapita.

Mungu akupe ulimi mwepesi siku ya kosa na moyo mwepesi baada yake. Akuzungushie watu wanaopima kazi yako kwa sababu wanakupenda. Na kama maneno yatakukwama mlangoni pa mama yako, mlango wangu unaujua, njoo uyaanzie hapa, hata kwa Kiswidi.