Kongo Niliyopewa na Mama

Enzi zetu, dunia ilikuja nyumbani mara moja tu kwa siku, jioni, Baba alipoitoa redio kabatini na kuipangusa kwa kitambaa. Siku hizi wajukuu wangu hulala nayo kitandani, vita na vichekesho pamoja, mpaka simu izimike. Redio yetu ilikula mawe ya betri, na mawe yalikuwa ghali. Baba alisikiliza habari, kisha akaizima papo hapo, hata kama muziki ulikuwa umeanza. Jamani, tuliumia!

Tuliishi upande wa Rangwe, si mbali na misheni ya Asumbi. Upepo ukiwa mzuri tuliisikia kengele. Baba alikuwa katekista, wiki nzima yuko juu ya baiskeli akienda kufundisha watu katekisimu. Mama alikuwa kila kitu kingine. Nyumba yake haikujua mtu kukaa bure. Asubuhi tulichota maji mtoni, tukanywa uji wa wimbi, tukakimbia shule miguu mitupu, na umande wa nyasi ukituosha vumbi. Jioni kulikuwa na kuni, mbuzi, dagaa wa omena wa kuchambua, na mahindi ya kupukuchua mpaka vidole gumba viote sugu. Pembeni chungu kilitokota mboga ya dek iliyotiwa maziwa, na hiyo harufu, hata leo nikiipata kwa jirani, natafuta sababu ya kupiga hodi.

Mama hakuona kwa nini sala isimamishe kazi. Rozari tuliisali tukipukuchua mahindi. "Mungu anasikia mdomo," alisema, "hakusema mikono ilale." Na kwa kuwa redio ilileta shida nyingi, alitugawia nchi za kuombea, kama wazazi wengine walivyogawia watoto mbuzi wa kuchunga. Kaka yangu Ouma alipewa Vietnam. Akalalamika kwamba hajui iko wapi. Mama akamwambia Mungu anajua. Mdogo wetu alipewa Roma, kazi ya raha, maana huko tulijua Baba Mtakatifu tu. Mimi nikapewa Kongo.

Kongo haikuwa mchezo. Baba mdogo Odhiambo, mdogo wake Baba, alikuwa huko. Alikuwa fundi wa malori, kijana wa kucheka ovyo, nguo zake zikinuka grisi hata Jumapili. Kabla bendera yetu ya uhuru haijapanda, alipitia Uganda akavuka kwenda Kongo kutafuta kazi, akaniahidi kitenge. Kisha vita vikaanza kule, na habari zake zikakatika. Mfanyabiashara mmoja aliyetoka Uganda akaleta neno kwamba gereji aliyofanyia kazi imechomwa, na watu wakiwa ndani. Hakuona kwa macho yake, alisikia tu. Lakini neno likishafika kijijini, nani tena anauliza limetoka wapi?

Kwetu, mtu akifia mbali na mwili wake usipatikane, huzikwa tunda la yago badala yake. Ni tunda refu, zito, lenye kimo cha mtoto mchanga. Linavikwa shuka, linalazwa kaburini, watu wanalia, na mambo yanakwisha. Yanakwisha kabisa: huyo mtu hata akirudi kesho akiwa mzima, hawezi kuingia tena bomani kwao. Ameshazikwa. Basi Mzee Owino, ndugu ya marehemu babu na mkubwa wa ukoo, akaagiza yago lichumwe. Likaletwa, likaegemezwa nyuma ya ghala. Dani, nyanya yetu, alikuwa akienda ghalani anazunguka upande wa pili ili asilione. Baba naye hakupinga. Alikuwa katekista, ndiyo, lakini alikuwa pia mtoto wa watu.

Mama alikuwa ameolewa tu pale. Kubishana na Mzee Owino hakuthubutu. Lakini matanga ni chakula, na jiko lilikuwa lake. Akajifunga kitambaa kichwani, akapiga magoti mbali kidogo na mzee kwa heshima.

"Baba, watu watakula nini? Mahindi bado yako kwenye magunzi."

Mzee akakubali, maana kuzika mtu na wageni walale njaa ni aibu ya ukoo. Mahindi ya matanga yakapukuchuliwa. Mama akasema palizi ya njugu imefika. Njugu zikapaliliwa. Akasema Ouma anakomunika kwa mara ya kwanza, nyumba haina nafasi. Halafu ikaingia Kwaresima, mfungo wa nyama, na matanga bila kuchinja ng'ombe ni matanga gani? Mzee Owino alitoka pale akitikisa kichwa. "Huyu mkeo," tulimsikia akimwambia Baba, "ana shughuli kuliko serikali."

Pasaka ikapita. Mama akaishiwa na shughuli. Mzee akasema Jumamosi, na safari hii hakumtazama Mama aliposema. Jioni hiyo tulipokaa na magunzi yetu, Mama alisema makumi yote matano ya rozari ni ya Kongo. "Vietnam ingoje," akamwambia Ouma. Nilimwona anapukuchua gunzi lisilo na punje hata moja. Niliogopa sana.

Siku iliyofuata tulikuwa tunaanika mihogo. Mbwa wakabweka, kisha wakanyamaza ghafla, wakaanza kutikisa mikia. Langoni alisimama mtu aliyekonda kama ufito, kofia mkononi. Dani akaangusha ungo. Hakupiga kelele kwanza. Alikwenda akamshika masikio, akamshika mabega, ndipo vigelegele vikamtoka mpaka kijiji kizima kikaja.

Baba mdogo Odhiambo alikuwa amejificha misituni na kutembea kwa miguu, hadithi aliyotusimulia kidogo kidogo kwa miaka. Lakini siku hiyo, akienda kunawa nyuma ya ghala, aliliona yago. Alikuwa Mjaluo, hakuhitaji kuelezwa. Akauliza polepole, "Hili ni la nani?"

Mzee Owino akajifanya anatafuta fimbo yake.

"Ni lako, shemeji," Mama akasema. "Tulikosa nafasi. Njoo ule."

Baba mdogo alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia hapo hapo. Yago likakatwakatwa likatupwa.

Kitenge sikupata. Jioni ile nilimwambia Mama kwamba sasa nimemaliza Kongo, nipewe Roma. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Na wale baba yako mdogo aliowaacha kule, si watoto wa watu?"

Siku hizi habari hazingoji jioni. Wajukuu wangu wanaona moto wa nchi kumi kabla ya chai, wanabonyeza kwenye simu kile kipicha cha mikono miwili iliyounganishwa, wanasema wameombea. Sibishani nao, ni watoto wazuri, wana haraka tu. Mahindi nayo hupukuchuliwa na mashine. Lakini jioni mimi huchukua magunzi yangu machache, nikakaa nikasali. Mama amelala kaburini pale nyumbani miaka mingi sasa, na redio bado inaitaja Kongo. Aliondoka bila kuninyang'anya ile nchi, wala kumpa mwingine. Basi bado ni yangu.