Jino Moja la Pinyo

Tangu niondoke Kisangani nimefanya kazi katika miji saba, na watu husema miguu yangu inawasha. Husema hivyo kwa sababu sijawahi kuwasimulia habari za gari la patron.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka sekondari juzi tu. Tonton, kaka yake mama, ndiye aliyeniingiza gereji. Yeye alikuwa kapita, mkubwa wa mafundi wote weusi, ingawa hakukaa darasani hata siku moja. Kifaransa chake kiliishia kwenye "oui, patron".

Patron alikuwa Mbelgiji, mwenye gereji. Gari lake lilitoa sauti ya kukwaruza kila asubuhi, na mwinuko wa kutoka mtoni lilikuwa linaushindwa. Tukafungua kifuniko cha mbele cha injini. Cheni inayoendesha vali ilikuwa imelegea inaning'inia, na pinyo zake mbili, yale magurudumu ya meno inayozungukia, zilikuwa zimelika meno hadi yakapinda kama kucha. Vyote vilikuwa vya kubadilishwa.

Tonton alikuwa na desturi yake. Kabla ya kutoa pinyo za zamani alizigonga alama kwa tindo mahali zilipotazamana. Alama hizo aliziita mashahidi. Kisha alilaza pinyo ya zamani juu ya mpya na kumhamishia shahidi kwenye hiyo mpya, pale pale alipokuwa. Kwa njia hiyo hakuhitaji kitabu, na kwa miaka mingi hakuna gari lililomrudia.

Lakini pinyo mpya zilikuwa na nukta zake za kiwandani, na tulipozifunga kwa kufuata mashahidi, nukta hazikutazamana. Zilipishana jino moja.

"Tonton," nilimwambia, "cheni ya zamani ilirukaka jino. Mashahidi yako iko nasema uongo. Kitabu inasema nukta ziangaliane."

"Kitabu iko na mikono?" aliuliza, na mafundi wakacheka. "Mutoto ya dada, hii motuka ilikuja hapa na miguu yake. Basi, tunairudisha vile ilikuwa."

"Ilikuja na kilema, tonton."

"Haya. Funga."

Nikafunga. Kelele ziliisha, nguvu haikurudi. Patron alikwenda nalo hadi mtoni, akarudi amekunja uso. "Kapita, juu ya nini motuka iko bila nguvu?"

"Pengine carburateur, patron," alijibu tonton.

Hapo nikadakia mimi. Kiswahili kingetosha, kwa maana patron mwenyewe alikuwa ameuliza kwa Kiswahili. Nilijibu kwa Kifaransa kirefu, kizuri, chenye maneno niliyoyapenda mwenyewe, nikieleza kosa la jino mbele ya mafundi wote. Tonton aliutazama mdomo wangu, kisha uso wa patron, akisubiri mtu amtafsirie. Hakuna aliyemtafsiria.

Nilifungua tena, nikasogeza cheni jino moja. Gari likapanda mwinuko. Kesho yake nikafanywa kapita, na tonton akapewa kazi ya kuosha vyuma kwa petroli. Kuhusu jino nilikuwa sahihi, na hilo linanichoma kuliko kama ningekosea.

Jioni hiyo, nyumbani kwa tonton, mkewe alipika lituma, ndizi za kupondwa, na samaki. Tonton alinivutia kiti chake mwenyewe, akachukua birika na kunimiminia maji mikononi, kama mgeni.

"Tonton, ni mimi."

"Najua," alisema. "Kula, kapita."