Orodha ya Wapenzi wa Bendi

Kiongozi wa mtaa wetu, pale Kicukiro, aliponitaka nimwandikie orodha ya watu waliokuwa wakisoma karatasi yangu, nilikubali. Ningeweza kumwambia sina orodha. Ningeweza kuapa kwamba naiandika na kuisoma peke yangu. Nilikubali, tena nikamuuliza kama anaitaka kwa mashine au kwa mkono.

Karatasi yenyewe ilikuwa jambo dogo. Tulikuwa watu sita tuliopenda bendi moja ya Waingereza, ya magitaa na nywele ndefu, iliyovunjika tangu tukiwa vijana. Jumapili alasiri tulikutana kwenye kibanda cha rafiki yangu fundi cherehani, tukaweka kanda, na hakuna aliyeruhusiwa kusema neno mpaka upande wa kwanza uishe. Mimi nilikuwa karani katika bohari ya vitabu vya shule, na taipureta ya kazi ilikuwa mikononi mwangu. Kila mwezi nilipiga ukurasa mmoja. Kushoto niliweka kumbukumbu: siku aliyozaliwa mpiga ngoma, siku ilipotoka santuri ya tatu, siku walipogombana wakaachana. Kulia niliweka habari mpya nilizozinasa redioni. Nakala zilikuwa sita, kwa karatasi za kaboni, na ya mwisho ilififia sana. Hiyo ilikuwa ya fundi, kwa kuwa yeye ndiye hakunikasirikia.

"Katibu, mimi kila mwezi unanipa kivuli," alisema siku moja, akiigeuza kwenye mwanga wa mlango. "Huyu mpiga besi amelazwa au amelewa?"

"Amelazwa."

"Sha, rafiki yangu, kwa ninavyomjua, alianza na hilo la pili."

Vita vilikuwa vimeanza kaskazini mwaka wa tisini. Tulipunguza sauti ya redio, tukaendelea. Lakini kufikia mwishoni mwa tisini na tatu, watu sita kukaa pamoja ndani ya chumba kilichofungwa lilikuwa jambo la kuulizwa. Asubuhi moja kiongozi wa mtaa aliingia ofisini kwangu na karatasi yetu mkononi. Sikujua aliipata wapi. Hakuketi.

"Bwana karani, hii tarehe yote iko ya nini?"

"Ya bendi, mheshimiwa."

"Bendi ya jeshi?"

"Ya muziki tu."

"Muziki iko na siku kumi na moja kwa mwezi mmoja? Hata kanisa haina sikukuu mingi hivi." Alicheka, nami nikacheka. Kisha akaweka kidole upande wa kulia, penye habari kwamba mwimbaji amekanusha kuwa watarudi pamoja. "Na hawa wanaotaka kurudi, wanarudi kutoka wapi?"

Siku zile, anayetaka kurudi alikuwa mkimbizi wa nje mwenye bunduki. Nilimweleza habari za bendi kwa haraka, nikichanganya majina, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia kama mtu anayedanganya.

"Niandikie wasomaji wako," akasema. "Jina, nyumba, kazi, kabila. Andika ukweli. Mimi wote nawajua, naangalia kama wewe unanificha."

Safu ya kabila haikunishtua. Tuliijaza tangu shule, na kila kitambulisho kilikuwa nayo. Kilichonishtua ni fundi. Kitambulisho chake kilisema Mhutu. Alikuwa amewahi kuniambia, mimi peke yangu, kwamba babaye alikuwa Mtutsi, hivyo naye ni Mtutsi, na kwamba kadi ile aliipata ujanani katika wilaya nyingine, kwa karani aliyependa bia. Nilikaa mbele ya mashine nikiwaza: huyu kiongozi anajua, ananipima. Nikiandika cha kwenye kadi, nitakuwa mwongo, na mwongo mwenye karatasi ya tarehe za ajabu. Niliandika Mtutsi.

Baadaye nilikuja kujua kwamba kiongozi hakuwa akijua lolote.

Jumapili iliyofuata niliwaambia wenzangu kuhusu orodha. Hatukuweka kanda. Fundi alinifuata nje, akanishika mkono.

"Kwangu umeandika nini?"

"Kama ilivyo kwenye kadi."

"Niapie, kaka. Mke wangu ameshafunga mizigo. Shangazi yupo Tanzania, anatungoja. Kama mambo si salama, nataka niondoke wiki hii."

"Nakuapia," nikasema. "Fungua mizigo."

Alishusha pumzi, akanipiga begani. Niliogopa kumweleza ukweli, kwa sababu angejua kwamba nimemsaliti, na kwa sababu kama angetoroka, kiongozi angeniuliza mimi ameonywa na nani. Kila siku niliazimia kwenda kumwambia, na kila siku nilipita njia nyingine ili nisione kibanda chake. Alibaki.

Aprili ya tisini na nne, mauaji ya Watutsi yalipoanza, wanaume Wahutu wa mtaa tuliamriwa kusimama kwenye kizuizi cha barabarani kukagua vitambulisho. Nilikwenda, niliogopa kutokwenda. Siku ya tatu, mchana, fundi alikuja na mkewe wakiwa wamebeba godoro, wakatoa vitambulisho. Kijana aliyevipokea alivitazama, akaanza kuvirudisha. Fundi aliniona, akanitikisia kichwa kidogo, kama mtu anayeshukuru. Ndipo kiongozi alipofungua daftari lake na kutoa orodha yangu.

"Karani, hii si mashine yako?"

Wote walinigeukia. Ningeweza kusema nilikosea. Nilitazama chini, na kunyamaza kwangu kukawa jibu.

Mkewe walimwachia apite. Yeye walimpeleka nyuma ya ukuta wa bohari yetu.

Miaka mingi baadaye nilimtafuta mjane huyo, nikamkuta Kibagabaga kwa binti yake. Nilimweleza yote, pamoja na kile kiapo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji," akasema, "mizigo ilikuwa imefungwa. Wewe ulituambia tufungue."

Akainuka, akaingia ndani, na mlango ukafungwa. Hajaniita shemeji tena, wala hajaitikia salamu yangu. Ana haki. Rafiki yangu aliuawa kwa orodha niliyoiandika mimi, na alikuwa bado yupo mtaani siku ile kwa sababu nilimwapia uongo.