Wiki Moja na Kichwa Kipya

Miaka ya tisini ikielekea mwisho, kabla miguu yangu haijaanza kunihamisha kutoka mji hadi mji, nilichapa mabango katika duka moja la Ruring'u, mjini Nyeri. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo aliyeanza kazi hiyo kwa brashi na mkebe wa rangi. Printa yetu ilikuwa ya aina ya zamani: kichwa chake kilipasha wino moto hadi ukaruka kwenye karatasi. Kikiziba, nilikichomoa kwa vidole, nikakipangusa kwa tishu yenye maji moto, nikakirudisha. Kikikataa kabisa, nilikitupa nikaweka kingine.

Kisha muuzaji kutoka Nairobi akatuachia printa mpya tuijaribu kwa wiki moja. Kichwa chake kilisukuma wino bila moto, tena hakikuchomolewa; kilikaa humo siku zote. Picha zilitoka laini hata nikazionea haya zile zetu. Muuzaji alinionya mara mbili nisiguse uso wa kichwa kile. Kikiharibika mikononi mwetu, alisema, mashine ni yetu na tutailipia, tutake tusitake. Mama akamwambia asiwe na wasiwasi, mimi nina mkono mwepesi.

Siku ya nne, Mama akiwa amepeleka mabango ya kanisa kule Chaka, stima ilipotea. Ilikuwa Julai, ukungu umefika madirishani. Kichwa kilisimama katikati ya karatasi, mbali na kifuniko chake kinachozuia wino kukauka. Stima iliporudi baada ya saa mbili, rangi nyekundu ilitoka mistari mistari. Sikufikiri. Mkono ulichukua tishu, ukailowesha, ukapangusa.

Nilipochapa tena, wekundu haukutoka kabisa. Bibi harusi wa picha ya majaribio alikuwa kijani kama mgonjwa. Niliamuru mashine ijisafishe mara tatu, mara nne, na kila mara bibi harusi alirudi na ugonjwa wake. Kidole gumba changu kilikuwa chekundu. Nilikisugua kwa sabuni, kwa mafuta taa, hata kwa mchanga.

Mama aliporudi, mkono ulikuwa mfukoni. Kabla hajauliza lolote nilimwambia kwamba mashine hii haitawezana na stima ya Nyeri, heri tubaki na ile ya zamani. Kilichonitisha ni kwamba nilikuwa nasema kweli.

Alinisikiliza hadi mwisho, huku akifungua kitambaa chake cha kichwani.

"Toa mkono mfukoni," akasema.

Nikautoa. Akakitazama kidole, bado chekundu.

"Uliguza."

"Niliguza, Mama."

"Na hiyo maneno ya stima, ni ukweli ama ni woga?"

"Ni yote mawili."

Akaizima mashine, akaniambia niende nyumbani. Siku mbili zilizofuata nilikuja kazini nikidhani kila asubuhi ndiyo ya mwisho.

Muuzaji alipofika, Mama alimtangulia mlangoni. "Tuliguza," akamwambia. "Lete kichwa ingine. Mashine inabaki." Hakusema ni nani aliyegusa, nami nilitazama sakafu.

Ile ya zamani aliifunika turubai kwenye kona, ingoje siku za ukungu, stima inapopotea. Kisha akanikabidhi ufunguo wa duka. Niliuogopa ufunguo ule kuliko nilivyokuwa nimeogopa kufutwa kazi.