Pikipiki Mbili na Mama Mmoja

Zilikuwa mbili, zimeegeshwa ubavu kwa ubavu mbele ya duka moja hapa Mpanda, na kwa wiki kadhaa sikupita mtaa ule bila kusimama. Zote zilikuwa za mtindo wa sport, zile zisizovalishwa maganda ya plastiki, injini na mabomba yote yako nje unayaona. Nasikia wanaozitengeneza wanaziita pikipiki uchi. Jina hilo nililiweka moyoni, kwa sababu mama yangu ni mtu wa kanisa na nilijua ipo siku nitamleta azione.

Kazi yangu ni kupiga picha za harusi, ubatizo na mahafali. Leo niko Kasokola, Jumamosi Kibaoni, wiki ijayo nimeitwa Mamba. Miaka yote hiyo nilibebwa na bodaboda, mkoba wa kamera nimeukumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Nilipopata uwezo wa kununua ya kwangu, kila mtu alidhani nitachukua ile ya kawaida yenye keria, inayobeba gunia la mpunga na mbuzi juu yake. Sikuitaka. Nilitaka pikipiki ambayo ukiikalia unainama kidogo mbele, na ukivuta mafuta inaitika hapo hapo. Niliitaka kwa sababu niliitaka, na nilikuwa nimechoka kutoa sababu za kila ninachokitaka.

Kilichobaki ni kuamua ipi. Bei zake hazikupishana sana, kwa hiyo bei haikunisaidia. Ya bluu ilikuwa ndefu na nzito, tanki limetuna, injini ina nguvu zaidi, na kiti chake cha nyuma ni kipana chenye vishikio viwili vya kujishikia. Nyekundu ilikuwa fupi na nyepesi, mkia wake umebinuka juu, na kiti cha nyuma ni kidogo kama kipande cha mkate. Ukimweka mtu pale, ama ni mtoto ama ni adui yako.

Mimi ni mtu wa kuuliza. Ndugu zangu wanasema nina umbea, lakini mmbea anauliza habari za watu na mimi nauliza habari za kila kitu. Nilianzia kwa vijana wa bodaboda karibu na stendi.

"Dada, hizo za kupigia picha tu," mmoja akaniambia huku wenzake wakicheka. "Mkungu wa ndizi utauweka wapi?"

"Sibebi ndizi."

"Siku ukipewa zawadi harusini je? Utamwambia bibi harusi mbuzi wake sina pa kumweka?"

Mwingine, mtu mzima kidogo, hakucheka. "Ya bluu ni kali. Ila ukipita nayo hifadhini mbung'o watakusindikiza mpaka Kibaoni. Wanapenda bluu hao."

Nilidhani ananitania. Baadaye nikakumbuka vile vitambaa vya bluu na vyeusi vinavyotundikwa porini kuwategea mbung'o, na usingizi ukapaa. Safari yangu iliyofuata ya Kibaoni nilifunga kitambaa cha bluu upande mmoja wa keria ya bodaboda, na chekundu upande wa pili. Katikati ya hifadhi nikamwomba dereva asimame kidogo nichungulie.

"Hapa hatusimami," alisema bila kugeuka. "Labda ushuke wewe, mimi niendelee."

Nilichungulia tulipotoka upande wa pili. Kwenye kitambaa cha bluu walikuwa wamejaa, wengine wanapandiana. Kwenye chekundu alikuwepo mmoja, naye alionekana amepotea njia. Nilifurahi kuliko siku niliyolipwa harusi mbili kwa mpigo. Dereva aliniangalia kwa huruma, akauliza kama mganga ndiye aliyenituma.

Hata hivyo, niseme ukweli, niliendelea kuitaka ya bluu. Muuzaji, kijana mmoja mchangamfu mwenye maneno mengi, aliniruhusu kuzijaribu zote kwenye barabara ya kutokea mjini. Nyekundu ilikuwa tamu, inakata kona kwa wepesi, haina makuu. Ya bluu ilinitia kiwewe. Nilipoingiza gia ya tatu nikavuta mafuta, mikono ikanyooka yenyewe na nikajikuta nacheka kwa sauti ndani ya helmeti. Nilirudi dukani bado nacheka, na muuzaji akajua ameshauza.

Nilikuwa na sababu moja nzuri ya kuichukua ya bluu, sababu ambayo hakuna mtu angeibishia: mama. Mama anaishi Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi ambako mimi nilizaliwa. Wazazi wake walikimbia kutoka Burundi naye akiwa mdogo, na ingawa siku hizi ni Mtanzania wa vyeti kamili, maisha yake yote yamekuwa pale pale, shamba, kanisa na nyumbani. Mdogo wake, mama yangu mdogo, aliolewa Mamba, ng'ambo ya hifadhi, na walikuwa hawajaonana muda mrefu. Mama haamini bodaboda za mbali. Anasema vijana wanaendesha kama wamefukuzwa. Nikajiambia kwamba nitambeba mwenyewe, polepole, mpaka mlangoni kwa mdogo wake. Kiti kipana, vishikio viwili. Kwani kuna nini tena cha kufikiria?

Nikamwita aje Mpanda akikalie. Nilitaka aseme ndiyo, basi, nilipe niondoke na ya bluu.

Alifika asubuhi, amekaa upande kwenye bodaboda kama mama zetu wote wanavyokaa, miguu yote kushoto, kitenge kimefungwa mpaka kwenye vifundo. Muuzaji akampa shikamoo, akaitikia, kisha akaanza kuzizunguka zile pikipiki taratibu, mikono nyuma. Aligusa tanki. Aligusa usukani. Akainama kuangalia chini ya injini, kitu ambacho mimi mwenyewe sikuwa nimefanya.

"Hii ikianguka," akauliza, akionyesha ya bluu, "nani anaiinua?"

"Haianguki, mama," muuzaji akasema.

"Nimeuliza ikianguka."

"Watu wawili, mama. Au mmoja mwenye nguvu."

"Na hii nyekundu?"

"Hii hata wewe unaiinua."

Mama akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa vizuri. Nikamwambia apande nyuma ya ile ya bluu. Akakaa upande, akashika kishikio, akatulia kabisa. Hata mguu ulipata pa kukanyaga. Nikamuuliza kama yuko vizuri.

"Niko vizuri," akasema. Halafu akashuka. "Oya," akasema, akikataa kwa Kirundi. "Chukua ile nyingine."

Nilidhani sikumsikia. Nikampeleka kwenye nyekundu nikamwambia ajaribu pale nyuma. Hakukaa hata kidogo. Alianza kuteleza, ikabidi muuzaji amdake mkono. Alisimama, akajipangusa kitenge, akasema tena, "Hii."

"Mama, hapo hukai!"

"Nimeona."

Hapo kichwa kilianza kuniuma, maana mimi kitu nisichokielewa hakiniachi. Nikaanza kubahatisha. Mbung'o? Nikamweleza habari ya vitambaa vyangu, nikamwahidi kwamba tutafunika lile tanki tukipita hifadhini. Akasema mbung'o anawajua tangu yuko mtoto. Mwendo? Nikamwapia kwamba sitakimbia. Akasema anajua sitakimbia. Rangi? Akaniuliza mimi namwona ana umri wa kuchagua rangi. Muuzaji naye akachomekea kwamba nyekundu inakula mafuta kidogo, mama ameona mbali, nami nikamtazama jicho ambalo lilimrudisha ndani ya duka lake.

"Sasa nini?" nikasema. "Nimekuita kutoka Katumba, wewe unakataa unapokaa, unataka unapoanguka. Nieleze basi."

Mama akafungua fundo la kitenge chake pale pale barabarani. Nilitaka kumzuia, nikaona ndani amevaa suruali. Ilikuwa suruali yangu ya michezo ya sekondari, ile ya kijani yenye mstari, niliyodhani ilishageuzwa matambara zamani. Alikuwa ameivaa tangu asubuhi, ametoka nayo nyumbani kwake, chini ya kitenge. Akakikunja kitenge akanipa nishike. Kisha akaishika nyekundu usukani, akavusha mguu, akakaa mbele.

Nyayo zake zote mbili zilikanyaga chini.

"Ile ya bluu niliipima kwa macho," akasema. "Miguu haifiki."

Watu wa duka la jirani walitoka kuangalia, na mama akawa anaangalia mbele tu, mikono kwenye usukani, kama barabara ni yake.

"Mama, unataka kuendesha?"

"Ego," akasema, ndiyo ya Kirundi.

"Mbona hukusema?"

"Wewe uliniuliza kiti cha nyuma."

Nilikasirika. Siwezi kusema vinginevyo. Ile ilikuwa pikipiki yangu, jasho langu, kitu cha kwanza ambacho sikutaka kugawana na mtu, na sasa mama mzima wa kanisa amekuja na suruali yake kuniamulia. Nilitaka kumwambia kwamba hata baiskeli hajui. Bahati nzuri yeye ndiye aliyeanza kuitaja.

"Baiskeli nyumbani kwetu ilikuwepo," akasema, akigeuzageuza usukani. "Ilikuwa ya kubebea mihogo. Kaka zangu waliipanda ikiwa tupu. Ikijaa, nilipewa mimi niisukume. Nimeisukuma miaka mingi, mwana wanje. Sijawahi kuikalia."

Alilisema bila uchungu wowote, kwa sauti ya kutaka kujua tu, kama anajiuliza ingekuwaje. Ile sauti niliifahamu. Ni yangu. Nilikuwa sijawahi kujiuliza nimeitoa wapi.

Bado nilikuwa nimeshika kitenge cha watu. Ya bluu ilikuwa inang'aa juani, na bado naweza kusema kwamba ilikuwa bora. Hata leo nikiona moja barabarani, shingo inageuka yenyewe. Mama hakunibembeleza. Alishuka taratibu akasema niamue, fedha ni zangu, na nikichukua ya bluu atakwenda tu kwa mdogo wake, atakaa nyuma. Alimaanisha. Hilo ndilo lililonimaliza. Nikamwita muuzaji nikalipia nyekundu kabla roho haijabadilika.

Tulianza masomo Katumba, kwenye njia ya vumbi, baada ya kazi za shamba. Nilimweleza klachi mpaka nikakaukiwa mate. Akaiachia ghafla, pikipiki ikaruka, ikazima. Akaiachia tena, ikazima. Watoto wa majirani wakakaa kwenye kichuguu kushangilia, na mama mmoja wa kwaya akapita akijifanya haoni. Mama hakuaibika hata kidogo. Kila ilipozima aliniuliza imezimwa na nini, na kila nilipojibu aliuliza swali lingine juu yake, mpaka ikabidi nikamuulize fundi mambo ambayo sikuyajua.

Jioni moja ikashika. Gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea haraka, mama amekaza mabega. Nilikimbia ubavuni kwake nikipiga kelele ashike breki. Mwanzoni nilikwenda naye sambamba. Halafu akavuta mafuta kidogo zaidi, akakata kona ya barabara kubwa, akaniacha kwenye vumbi lake.

Nilikimbia huku nalia, na sioni aibu kulisema. Niliwaza malori, nikawaza mama mdogo na jinsi nitakavyompigia simu. Nilipofika barabarani nilimwona mbele kabisa, amesimama pembeni, miguu yote miwili chini, injini bado inanguruma. Amesimama pale ambapo zamani palikuwa na kizuizi. Siku hizo mtu wa Katumba akitaka kwenda popote, hata Mpanda sokoni, alisimama pale akaonyesha kibali, na asiye nacho alirudishwa. Leo hapana kitu, ni majani na barabara tu. Mpita njia hawezi kujua.

Nilifika napumua kwa shida, maneno yote makali yako mdomoni.

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Nimepita," akasema. Uso wake ulikuwa umejaa vumbi, na ndani ya vumbi machozi yalikuwa yamechora njia mbili. "Nikageuza nikapita tena. Nikageuza tena."

Hakuzima injini. Aliangalia barabara inakokwenda, kisha akaangalia mguu wake wa kushoto.

"Sasa nionyeshe," akasema. "Gia ya pili inaingiaje?"