Injinia Aliyeachwa Kwenye Sayari

Juzi nilikuwa jikoni nikasikia tarumbeta zikilia kwenye simu ya binti yangu, kisha mngurumo kama wa lori linalopanda mlima. Nikaacha vitunguu vikaungua. Ilikuwa ile tamthilia ya chombo cha angani tuliyoitazama nyumbani Kisongo kila Jumamosi mchana, ikisimuliwa kwa Kiswahili na jamaa mwenye sauti ya kukwaruza aliyewabatiza watu wa nyota majina ya mtaani. Na kipande chenyewe kilikuwa kilekile. Nikaketi, nikakitazama mpaka mwisho. Jamani, hasira yangu niliikuta palepale nilipoiacha.

Mle chomboni kulikuwa na injinia mwanamke, msimuliaji akimwita Sista Spana. Dada yangu Nashipai alimpenda kupita kiasi. Alikuwa kidato cha pili, na tayari alikuwa akiifungua redio ya baba na kuirudishia bila kubakiza skrubu. Weusi wa grisi haukumtoka kwenye kucha hata Jumapili tukienda kanisani.

Kipande kile kilianza vizuri mno, hilo siwanyimi waliokitunga. Chombo kimezimika, wanaume wote wanafokeana, na Sista Spana anatambaa peke yake ndani ya bomba lenye barafu, tochi mdomoni, mpaka injini inakohoa na kuwaka. Hakuna muziki, ni pumzi zake tu. Sisi watoto tulisahau kutafuna mahindi. Mpaka leo sijaona kitu kizuri kama kile kwenye televisheni.

Halafu wakaharibu. Chombo kikatua kwenye sayari yenye mafuta, mfalme wa huko akamtaka injinia awe mkewe, na nahodha, yuleyule aliyetoka kuokolewa, akakubali! Akampigapiga begani, wakajaza mafuta, wakaondoka zao. Eti mwisho mwema. Vinanda vikalia, msimuliaji akapiga vigelegele, na baba na wageni aliokuwa nao siku hiyo wakapiga makofi.

"Mbona hakuulizwa?" Nashipai akasema.

Baba akacheka. "Huo ni mchezo tu, mwanangu."

"Na mimi, baba? Mimi nimeulizwa?"

Wageni wakainamia vikombe vyao. Mama alikuwa amesimama na chupa ya chai mkononi, mama ambaye sikuwahi kumsikia akimpinga baba mbele za watu.

"Hajaulizwa," akasema. "Hata mimi sikuulizwa."

Baba akazima televisheni. Nashipai akatoka, nami nikamfuata. Upepo wa Kisongo ulikuwa unatujaza vumbi machoni. Nilimshika mkono, nikamwambia asilie, Sista Spana lazima atarudi Jumamosi ijayo. Akanifuta uso kwa upindo wa sketi yake.

Jumatatu mama alimpeleka Kimandolu kwa shangazi, dada yake baba, mwanamke ambaye baba mwenyewe alikuwa akimwogopa. Baba alinuna msimu mzima wa mvua, lakini hakwenda kumrudisha. Nashipai akamalizia shule hukohuko. Siku hizi anatengeneza mashine za hospitali.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba nyumba yetu iligombana kwa sababu ya televisheni. Nilikuwa msichana mkubwa nilipoelewa kwamba wageni wale walikuja kumposa dada, kwamba habari ya ng'ombe wa mahari ilikuwa imeshazungumzwa, na kwamba maneno ya mama yalihusu harusi yake mwenyewe.

Wapo wanaoniambia niwashukuru waliotunga kipande kile, maana kilimfungua dada mdomo. Siwashukuru ng'o. Walimpa mwanamke akili ya kuokoa chombo kizima, kisha wakamnyima hata neno moja la kukataa. Neno hilo lilitoka sebuleni kwetu, kwa msichana wa kidato cha pili, mbele ya watu waliokuja kumchukua.